Kusafiri Salama na Kompyuta Mpakato kwa Mtu Mwenye Ulemavu: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kwa abiria wengi, kompyuta mpakato ikipotea safarini huwa wamepoteza mali pamoja na kazi ya siku kadhaa. Kwa mtu asiyeona anayesoma kwa kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini, kwa mtu asiyezungumza ambaye maneno yake hutoka kwenye spika ya mashine hiyo, au kwa mtu ambaye vidole vyake haviwezi kushika kalamu, kinachopotea ni njia yenyewe ya kuwasiliana, tena mahali ambapo hakuna anayemfahamu. Kwa sababu hiyo maandalizi yetu yana malengo mawili yanayokwenda pamoja: kuhakikisha kwamba mashine haitoki mikononi mwetu, na kuhakikisha kwamba ikitoka tutaweza kuishi bila hiyo kwa saa 24 za mwanzo. Mimi hutumia kiti cha magurudumu na mikono yangu huchoka upesi, hivyo mengi ninayoyaeleza kuhusu viti na mabegi nimeyajaribu mwenyewe. Yanayohusu kutoona, kutosikia na kutozungumza nimeyapata kwa kusafiri na wenzangu na kuwauliza kwa kina.

Hatua ya kwanza: Orodhesha kazi ambazo kompyuta hukufanyia

Wiki mbili au tatu kabla ya safari, andika kila jambo ambalo kompyuta hukufanyia kwa sababu ya ulemavu wako: kusoma, kuzungumza, kuandika, kufuata mazungumzo kwa manukuu ya papo hapo, kukumbuka saa za dawa. Mbele ya kila jambo andika mbadala usiotegemea mashine hiyo hiyo wala chaja ile ile. Asiyeona aweke simu yenye kisoma skrini katika mfuko wa nguo aliyoivaa, si ndani ya begi la kompyuta. Asiyezungumza achukue ubao wa mawasiliano wa karatasi uliofunikwa kwa plastiki, wenye herufi, picha na sentensi anazozitumia kila siku, kwa kuwa karatasi haiishiwi chaji na hakuna afisa atakayeitilia shaka.

Jambo linalosahaulika karibu kila mara ni mipangilio. Watu huhifadhi nakala rudufu za picha na nyaraka zao, lakini hawahifadhi kamusi ya matamshi waliyoijenga kwa miaka mingi ndani ya kisoma skrini, kasi ya sauti waliyoizoea, ukubwa wa herufi na rangi za skrini, au ukurasa wa maneno ya haraka wa programu inayowasemea. Vitu hivyo ndivyo vinavyochukua muda mrefu zaidi kuvirudisha. Vihamishe kwenye flashi, weka nakala nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni, kisha jaribu kuvirudisha kwenye kompyuta ya mtu mwingine kabla ya safari, kwa maana nakala ambayo hujawahi kuijaribu huwezi kuitegemea.

Kwa wanaotumia Windows, programu ya NVDA, ambayo Michael Curran wa Australia aliianzisha mwaka 2006, akaungana baadaye na James Teh, na ambayo hutolewa bure, inaweza kuwekwa kwenye flashi na kuendeshwa bila kusakinishwa, mradi mwenye kompyuta akuruhusu. Kariri pia funguo za kuwasha visoma skrini vinavyokuja na mashine zenyewe: Control, Windows na Enter kwa pamoja huwasha Narrator, na Command pamoja na F5 huwasha VoiceOver kwenye kompyuta za Mac. Anayezijua funguo hizo anaweza kuazima kompyuta ya mapokezi ya hoteli na kuandika barua pepe ya dharura bila kumsomea mtu mwingine siri zake.

Hatua ya pili: Funga data kwa namna ambayo wewe mwenyewe utaweza kuifungua

Washa usimbaji fiche wa diski nzima, ambao huifanya data isisomeke bila ufunguo (BitLocker kwenye Windows au FileVault kwenye Mac), ili atakayeiba mashine apate chuma na plastiki tu. Hapa pana mtego ambao miongozo ya kawaida haiutaji. BitLocker ikiwekwa idai PIN kabla ya Windows kuanza, swali hilo huja wakati kisoma skrini hakijawaka, na mtu asiyeona hubaki mbele ya mashine iliyo kimya bila kujua inamtaka nini. Kama mwajiri wako hakulazimishi, acha chipu ya usalama iliyomo ndani ya kompyuta ifungue diski yenyewe, nawe uweke nguvu zote kwenye nenosiri la kuingilia. Kama unalazimishwa, jizoeze nyumbani hadi ujue kwa kuhesabu sekunde ni lini uanze kuandika.

Ufunguo wa kuokolea wa BitLocker una tarakimu 48, na mashine inaweza kuudai ghafla baada ya sasisho la programu zake za msingi. Fanya masasisho yote wiki moja kabla ya kuondoka, kisha uuhifadhi ufunguo huo mahali utakapoweza kuusoma bila kompyuta: kwa nukta nundu, kwa maandishi makubwa, au ndani ya simu iliyofungwa vizuri. Usiuweke ndani ya begi la kompyuta.

Wenye mikono inayotetemeka au wanaoandika kwa kijiti cha mdomoni huchoshwa na nenosiri refu, na wengi hulifupisha hadi likawa halina maana. Afadhali utumie alama ya kidole au utambuzi wa uso kwa kazi za kila saa, huku nenosiri refu likisubiri pale mashine inapowashwa upya, na programu ya kutunza manenosiri ikuandikie mengine yote. Anayeandika kwa sauti asitamke nenosiri katika ukumbi wa abiria hata kama anadhani yuko peke yake. Asiyeona awashe pazia la skrini, ambalo huifanya skrini iwe nyeusi huku sauti ikiendelea katika hedifoni. Pazia hilo limo katika NVDA na katika VoiceOver, na humzuia jirani wa kiti kusoma ujumbe ambao mwenyewe hawezi kujua kwamba unasomwa.

Ukisafiri na msaidizi, mfungulie akaunti yake tofauti ndani ya kompyuta. Kumwamini mtu akuvishe viatu si sawa na kumpa funguo za benki na barua zako, na msaidizi mwema huona nafuu kutokubebeshwa mzigo huo.

Hatua ya tatu: Kagua betri na chaja

Anza na afya ya betri. Weka kompyuta juu ya meza iliyo sawa, uisukume kidogo kwenye pembe zake. Ikiyumba ilhali zamani ilitulia, au kiguso cha kipanya kikiwa kigumu kubonyeza na kimeinuka kidogo chini ya kidole, huenda betri imevimba. Jaribio hili halihitaji macho. Betri iliyovimba isisafirishwe hata kidogo: ibadilishwe kwanza kwa fundi.

Kisha fanya hesabu ya uwezo wake, kwa kuwa mashirika ya ndege hufuata kanuni za kimataifa zinazohesabu wati-saa, ambazo kifupi chake kwenye lebo ni Wh. Lebo isipoonyesha Wh, zidisha volti kwa ampea-saa: betri ya volti 11.4 na mAh 4,500, yaani ampea-saa 4.5, ina 11.4 mara 4.5, yaani 51.3 Wh. Pawabanki ya mAh 20,000, ambayo seli zake ni za volti 3.7, ina 74 Wh. Betri isiyozidi 100 Wh hubebwa bila kuomba kibali. Iliyo kati ya 100 na 160 Wh huhitaji idhini ya shirika la ndege, na za akiba za kiwango hicho zisizidi mbili. Betri za akiba na pawabanki haziruhusiwi kamwe katika mizigo ya chini ya ndege, na ncha za betri za akiba zifunikwe kwa mkanda wa gundi au kila moja iwekwe katika mfuko wake ili zisigusane na chuma. Tangu mwaka 2025 mashirika na nchi kadhaa zimeongeza masharti kuhusu pawabanki. Korea Kusini, kwa mfano, ilianza mwezi Machi mwaka huo kudai zikae karibu na abiria, si kwenye sanduku la juu ya viti. Soma masharti ya kila shirika utakalopanda, pamoja na lile la ndege ya kuunganisha.

Wenye viti vya magurudumu vya umeme wana hesabu nyingine. Kiti kinachokunjwa ambacho betri yake ya lithiamu lazima itolewe huruhusiwa betri moja isiyozidi 300 Wh, au mbili zisizozidi 160 Wh kila moja, na betri hizo husafiri pamoja nawe ndani ya ndege. Nimeona wahudumu wakizichanganya na betri ya kompyuta na kutumia kikomo cha 100 Wh kwa vyote. Chapisha karatasi yenye uwezo wa kila betri na kazi yake, uiweke juu kabisa ya begi.

Chaja nyingi za kompyuta huandikwa 100–240 V, maana yake zinahitaji kibadilisha plagi tu, si kibadilisha volti. Hakikisha hivyo kwa kila chaja, hasa za vifaa vya kusikia na vya kupumulia, ambazo si zote zilizo hivyo. Ongeza waya wa kurefusha umeme, maana soketi katika vyumba vya kulala mara nyingi hukaa nyuma ya kitanda au chini sakafuni, mahali ambapo mtu aliye kwenye kiti hafiki bila kuhatarisha kuanguka.

Hatua ya nne: Toa taarifa mapema na ubebe haki zako kwa maandishi

Toa taarifa ya mahitaji yako angalau saa 48 kabla ya safari. Taja mambo matatu kwa pamoja: msaada unaouhitaji, kifaa cha kutembelea ulicho nacho, na kwamba kompyuta ni kifaa chako cha msaada. Mashirika ya ndege hutumia alama za kimataifa katika tiketi, na ukizijua utaweza kuuliza kama wameweka iliyo sahihi. WCHR ni ya anayeweza kupanda ngazi na kutembea ndani ya ndege lakini hawezi mwendo mrefu, WCHS ni ya asiyeweza ngazi, WCHC ni ya asiyeweza kutembea kabisa, BLND ni ya asiyeona, na DEAF ni ya asiyesikia.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006, unazitaka nchi wanachama kuwezesha watu wetu kusafiri kwa kujitegemea kadiri inavyowezekana. Sheria za kina hutofautiana. Nchini Marekani, kanuni zinazotokana na sheria ya usafiri wa anga ya mwaka 1986 zinasema kwamba kifaa cha msaada hakihesabiwi katika kikomo cha mizigo ya mkononi. Katika Umoja wa Ulaya, Kanuni namba 1107 ya mwaka 2006 inawapa abiria wenye ulemavu haki ya kusafirishiwa hadi vifaa viwili vya kutembelea bila malipo, pamoja na vifaa vyao vya matibabu. Chapisha ukurasa unaokuhusu. Mhudumu aliyechoka mlangoni ni rahisi zaidi kukubali karatasi kuliko kukubali maelezo.

Pata pia barua fupi ya daktari au mtaalamu wa tiba ya usemi inayoeleza kwamba unahitaji kompyuta hiyo ili uwasiliane, usome au uandike. Barua isitaje historia yako ya ugonjwa, kwa sababu afisa wa forodha haihitaji. Ambatisha picha ya kompyuta, namba yake ya utambulisho na stakabadhi ya ununuzi, ili usidaiwe ushuru unaporudi na kifaa ulichoondoka nacho.

Hatua ya tano: Chagua begi kulingana na mwili wako

Ushauri wa kawaida wa kutundika begi mgongoni mwa kiti cha magurudumu naupinga. Begi lililoko nyuma halionekani, na mtu anayelifungua zipu katika msongamano wa foleni hatikisi chochote unachoweza kukihisi. Zaidi ya hapo, uzito ukining'inia nyuma ya kiti cha kusukuma kwa mkono husogeza mahali pa mizani, na kwenye mteremko wa kupandia magurudumu ya mbele huinuka. Mimi huiweka kompyuta katika begi bapa juu ya mapaja, mkanda wake ukiwa umepita nyuma ya kiuno na kufungwa mbele, na kwa safari ndefu huihamishia katika mfuko ulio chini ya kiti. Ukiwa huna budi kulitundika nyuma, ligeuze zipu zake zielekee mgongo wako na uzibane pamoja kwa kikufuli kidogo.

Mwenye magongo avae begi la mabegani lenye mkanda wa kifua, kwa kuwa begi la bega moja huyumba mbele kila hatua na linaweza kunaswa na gongo. Anayetumia mkono mmoja afunge kitanzi cha kamba kwenye kila zipu, kikubwa cha kupitisha kidole gumba. Asiyeona abandike kipande cha kitambaa chenye mkwaruzo au alama ya nukta nundu kwenye pembe ya kifuniko cha kompyuta, ili aitambue kwa kugusa kati ya nyingine zinazofanana nayo. Kifaa cha kuonyesha nukta nundu kibebwe katika kasha gumu na kifunikwe uso, maana sindano zake ndogo huharibiwa na vumbi na unyevu.

Hatua ya sita: Pita ukaguzi wa usalama bila kutenganishwa na mashine yako

Hapa ndipo hatari iliyo kubwa kuliko zote. Abiria wa kawaida huweka kompyuta kwenye trei, hupita lango la kutambua vyuma, na kuichukua upande wa pili baada ya sekunde chache. Sisi wenye viti, vyuma mwilini au viungo bandia hupelekwa pembeni kukaguliwa kwa mkono, na ukaguzi huo unaweza kuchukua dakika kumi au zaidi, wakati trei yetu imeshatoka kwenye mashine na inasukumwa na trei za wengine hadi mwisho wa mkanda. Katika kiwanja kimoja niligeuzwa nikaupa mgongo mkanda huo muda wote wa kukaguliwa. Niliporudi nilikuta kompyuta ngeni iliyofanana na yangu, na abiria aliyeichukua yangu kwa bahati mbaya alipatikana akiwa tayari mlangoni pa ndege yake. Tangu siku ile nimefuata utaratibu ninaoueleza hapa, na haujanivunja moyo bado.

Fika kwenye mkanda ukiwa umeshamwambia afisa maneno haya au yanayofanana nayo: "Kompyuta hii ni kifaa changu cha msaada. Nitakaguliwa kwa mkono, hivyo naomba trei yangu ipelekwe nami au ikae mbele ya macho yangu." Usikubali trei iingie kwenye mashine kabla afisa wa kukukagua hajafika. Waache wa nyuma yako wapite. Foleni itakunung'unikia, lakini dakika hizo mbili ni zako. Ukipelekwa kwenye chumba cha faragha, omba begi na trei zije pamoja nawe, na mtu unayemwamini awepo.

Asiyeona amwombe msaidizi wa kiwanja aitaje kila trei kwa sauti inapotoka, kisha akague mwenyewe kwa mkono: kompyuta, simu, chaja, fimbo nyeupe. Hesabu vitu kabla ya kuviweka na uvihesabu tena baada ya kuvichukua. Wenye matatizo ya kumbukumbu au wanaoelemewa na kelele wanufaike na hesabu hiyo hiyo, ikiwa imeandikwa kwenye kadi iliyofungwa begani. Viwanja vingi sasa vinautambua utepe wa kijani wenye maua ya alizeti, ulioanzishwa katika kiwanja cha Gatwick nchini Uingereza mwaka 2016, ambao humjulisha mhudumu kwamba mvaaji ana ulemavu usioonekana.

Kiziwi asimame mahali anapoona mdomo na mikono ya afisa, na kadi iwe tayari: "Sisikii. Tafadhali niandikie au nionyeshe kwa mkono." Asiyezungumza awe na kadi isemayo: "Mashine hii ndiyo sauti yangu. Tafadhali nipe nafasi ya kujibu kabla hujaichukua." Hiyo kadi ni muhimu kuliko barua ya daktari, kwa sababu afisa huisoma kwa mtazamo mmoja.

Mionzi ya eksirei haiharibu data iliyomo kwenye diski, kwa hiyo usihangaike kuomba isipitishwe humo. Katika viwanja vyenye mashine mpya, kompyuta huachwa ndani ya begi: uliza kwanza, utaokoa mikono yako. Hakikisha pia ina chaji, maana afisa anaweza kukutaka uiwashe kuthibitisha kwamba ni kompyuta kweli. Marekani ililiweka sharti hilo mwaka 2014 kwa baadhi ya safari zinazokwenda huko. Kabla ya kufika kwenye foleni iwe imezimwa kabisa, si kulazwa tu (sleep), kwa kuwa inapolazwa funguo za usimbaji hubaki katika kumbukumbu yake.

Msaidizi anayesukuma kiti chako akitaka kubeba begi kwa wema, mshukuru na umwambie kwamba hilo unalibeba mwenyewe. Wasaidizi hubadilishana njiani, na begi lililobebwa na wa kwanza si lazima lifike kwa wa tatu.

Hatua ya saba: Ndani ya chombo cha usafiri

Kiti cha safu ya mbele kabisa, mbele ya ukuta, hupewa sana watu wenye ulemavu kwa sababu ya nafasi ya miguu. Kina kasoro moja: hakina kiti mbele yake cha kuweka begi chini, hivyo wakati wa kupaa na kutua kompyuta huwekwa kwenye sanduku la juu, nje ya uwezo wa mkono wako. Kama mashine ndiyo sauti yako, chagua safu ya pili. Ukikubali ya mbele, mwombe mhudumu akuteremshie begi mara taa ya mikanda izimwapo, na abaki na wewe akilirudisha.

Wakikuambia mlangoni kwamba mizigo ya mkononi imejaa na begi lako litashushwa chini, toa kompyuta, pawabanki na betri zote kwanza. Kwa pawabanki na betri za akiba, sharti hilo linatokana na kanuni za betri, na mhudumu analijua. Kompyuta au simu ikiangukia katikati ya kiti, usisogeze kiti wala usimruhusu jirani kukisogeza, maana betri iliyobanwa inaweza kushika moto. Mwite mhudumu. Likitokea la kuondoka kwa dharura, kompyuta iachwe, hata kama ndiyo sauti yako. Ubao wa karatasi uliomo mfukoni utatosha.

Katika basi au gari moshi, usikubali kompyuta iingie katika buti ya mizigo pamoja na kiti chako cha magurudumu. Vitenganishwe kabla kondakta hajakikunja kiti, kwa kuwa vitu vingi hupotea katika mifuko ya kiti kilichokunjwa.

Hatua ya nane: Malazi na intaneti

Ukifika chumbani, tafuta mahali pamoja pa kuweka kompyuta na usipabadilishe hadi siku ya kuondoka. Asiyeona na mwenye matatizo ya kumbukumbu watalielewa hili bila maelezo. Mfanyakazi wa usafi aombwe asisogeze vitu vya mezani. Kasha la chuma la chumbani mara nyingi huwekwa juu kabatini, na lenye vitufe vya kugusa halimfai asiyeona. Waya wa kufungia kompyuta kwenye mguu wa meza nzito husaidia zaidi, mradi kompyuta yako ina tundu la kuupokea.

Kwa intaneti, tumia data ya simu yako kila inapowezekana. Kurasa za kuingilia za Wi-Fi za hoteli mara nyingi hazisomeki kwa kisoma skrini, na mtu hulazimika kumpa mgeni kompyuta iliyofunguliwa ili ambonyezee. Ukilazimika kuomba msaada huo, tumia ile akaunti ya msaidizi, na ubaki umeishika mashine mwenyewe. Zima kuungana kwa mitandao kusikoombwa, na fungua tovuti zinazoanza na https pekee. Hedifoni ya sikio moja itakuachia sikio la pili kwa ajili ya nyayo na sauti za karibu.

Hatua ya tisa: Ikipotea au ikiharibika

Fanya mambo haya kwa mfuatano. Kwanza, tumia mbadala wako kumfikia mtu mmoja uliyekubaliana naye kabla ya safari, ambaye ana orodha ya namba ya kompyuta na mahitaji yako. Pili, tumia simu kuifunga kompyuta kwa mbali kupitia huduma ya kutafuta vifaa, ambayo lazima uwe umeiwasha nyumbani, kisha badilisha nenosiri la barua pepe kabla ya mengine yote, kwa kuwa barua pepe ndiyo hufungua akaunti nyingine. Tatu, toa ripoti polisi na upate namba ya ripoti, ukitaja wazi kwamba ni kifaa cha msaada cha mtu mwenye ulemavu.

Kama ilikuwa katika mzigo uliokabidhiwa shirika la ndege kwa safari ya kimataifa, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unataka malalamiko ya uharibifu yaandikwe ndani ya siku 7 tangu kupokea mzigo, na ya ucheleweshaji ndani ya siku 21. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo cha fidia ya mizigo ni vizio 1,519 vya SDR kwa abiria, yaani kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, isipokuwa uliandikisha thamani kubwa zaidi ulipokabidhi mzigo na kulipa ada yake. Kikomo hicho hujumuisha mizigo yako yote, na kiti cha magurudumu pia kinaweza kuhesabiwa humo, kwa hiyo mwenye kiti cha umeme aulize kuhusu kuandikisha thamani akiwa bado kwenye dawati la kukabidhi. Kwa kompyuta iliyokuwa mkononi mwako, shirika huwajibika tu ikiwa kosa ni lake au la watumishi wake. Ndiyo maana jina la msaidizi aliyekusukuma, saa, na namba ya lango viandikwe au virekodiwe kwa sauti palepale, kabla hujaondoka kiwanjani.